Dublin Aliyoijua Mama

Katika Waunguja wote wa Maskati siku zile, nadhani mama yangu peke yake ndiye aliyekuwa akiijua Dublin, na hajapata kuikanyaga. Tulifika mwaka wa sitini na nne, tumetoka Unguja na nguo tulizovaa. Kaka yangu mapinduzi yalimkuta huko Dublin, anasomea udaktari. Siku hizo bila ya ruhusa ya Sultani wa Maskati haingii mtu wala hatoki. Mama akawa anaomba ruhusa aende akamtazame mwanawe, siku nne tu, arudi. Kila tukiuliza, tunaambiwa tusubiri.

Aliyekuwa akimtia mama dawa ya macho ni nesi wa Kiairishi, mzaliwa wa Dublin khasa, na maneno yake mengi kuliko dawa. Yeye anasema, mimi nafasiri. Siku ya kwanza mama asipande gari, atembee kando ya mto, avuke lile daraja la waenda kwa miguu. Kisha bustani yenye bata, na achukue mkate wa kuwarushia. Chuo kikuu kina kitabu cha kale, aende asubuhi kabla watu hawajajaa. Mama anasikiliza kama anayefundishwa sura.

Maelezo ya nesi yalipofika kwenye baa, mama alishtuka. "Astaghafirullah! Mie niingie ulevini?"

Nesi alicheka mpaka akakaa chini. Alisema baa za kwao si ulevi mtupu. Achague ya zamani yenye moto wa kuni, aende mchana, Jumamosi usiku asithubutu. Karibu na mlango kuna kijichumba cha wanawake, unajifungia, unaletewa supu. Na mzee akikusemesha umjibu, ndiyo adabu yao.

"Na chai wanayo?" mama aliuliza.

"Ukiomba vizuri."

"Haya, n'takaa mlangoni."

Wallahi nilimcheka. Sasa nikikumbuka naumia.

Mwaka wa sabini akaja Sultani mpya, mambo yakafunguka, na aliyesafiri akawa kaka. Alikuja kwa siku nne, amekonda, koti limempwaya. Mama alimpikia wali wa nazi, akaanza kumwonesha kuwa anaujua mji wake: mto, daraja, bata, kitabu.

Kaka akaweka tonge chini. "Mama, hayo mimi sijayaona."

"Miaka yote hiyo, mwanangu?"

"Ada ilikatika mapinduzi yalipoingia. Udaktari niliuacha mwaka ule ule. Nnaosha gilasi kwenye baa, na nnalala chumba cha juu yake. Siku nikipumzika, nnalala."

Nilimtazama mama, nikingoja alie, au amkaripie. Mwanawe daktari ndiye alokuwa akimtaja kwa kila mtu, tangu Maskati mjini mpaka kitongoji cha Darsait.

Mama akauliza, "Wanakupa chakula cha moto?"

"Wananipa. Supu ya samaki. Nyama yao siigusi."

"Na ukiumwa?"

"Mke wa mwenye baa hunipandishia chai."

Hapo ndipo mama alipolia. "Basi bata sitaki, na mto sitaki. Nikija nipeleke kwa mama huyo nimshike mkono."

Kaka aliondoka siku ya nne, asubuhi. Ruhusa ya mama ilitoka baada ya miezi, lakini macho yake yalikuwa yamekwisha, hamjui mtu ila kwa sauti. Alikataa kwenda. Alisema, "N'kafanye nini, na mwanangu sitamwona?"