Nyumba namba kumi na saba imejaa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi kengele ya shule bado haijagongwa, lakini cherehani ya Mama Vifungo imeshaanza kulia barazani. Mguu unakanyaga, mkono wa kushoto unasukuma kitambaa cha buluu, uzi ameushika kwa meno. Msichana wa darasa la tatu anasimama mbele yake, ameibana sketi kiunoni kwa mikono miwili isimdondoke.

"Kifungo kimeenda wapi?" fundi anamuuliza.

"Kimekimbia," mtoto anajibu bila kucheka.

Anachukua kingine kwenye kopo, anakishona palepale mtoto akiwa wima, kisha anamsukuma taratibu kuelekea getini. Hatozi kitu. Ndiyo sababu wanafunzi walimpa jina hilo, na siku hizi hata walimu wanalitumia.

Kutoka kwenye kiti chake hadi geti la shule ni hatua ishirini na mbili. Ana hakika nazo, kwa kuwa mwaka huu zilipimwa.

Mama Vifungo ana miaka arobaini na moja, na kwa miaka kumi na mitatu ameshona sare za shule hiyo kwenye baraza la nyumba namba kumi na saba, anakopanga chumba kimoja. Mumewe, fundi magodoro, alifariki kitinda mimba wao akiwa na miezi minane. Wakubwa wawili walisoma hapohapo mbele ya mlango. Mmoja sasa anajifunza useremala, wa pili yuko sekondari. Huyo wa mwisho ana miaka sita na anaitwa Nukta.

"Alizaliwa mdogo mno. Mkunga akasema huyu si mtoto, ni nukta," anasimulia. "Tukacheka, jina likaganda."

Msimu wa kufungua shule hushona hadi sare sitini, na kila moja humwachia hela ya chakula cha siku moja na nusu. Miezi mingine anaishi kwa kupunguza suruali na kubadilisha zipu. Maisha yenyewe yalikuwa ya kubana matumizi, lakini suala la shule ya Nukta halikuwahi kumkosesha usingizi. Mtoto amekua akisikia kengele ile tangu tumboni.

Shule ina nafasi themanini za darasa la kwanza, na mwaka huu waombaji walipita mia tatu. Utaratibu ni kwamba anayekaa karibu ndiye anayeanza. Mzazi anapeleka cheti cha kuzaliwa cha mtoto na barua ya makazi iliyosainiwa na mwenye nyumba na kugongwa muhuri na ofisi ya mtaa. Namba ya nyumba inatafutwa kwenye ramani, kisha majina yanapangwa kuanzia nyumba ya karibu kwenda ya mbali. Ili kuzuia udanganyifu, ofisi ya elimu iliweka kikomo: nyumba moja isitoe zaidi ya watoto wanane.

Yeye alipeleka fomu siku ya nne ya uandikishaji. Siku tatu za mwanzo alikuwa anamalizia kazi ya watu.

"Haraka ya nini?" anasema. "Shule iko hapo. Ningeweza kwenda na kandambili, kikombe cha chai mkononi."

Karani wa dirishani aliipokea fomu, akapekua daftari kurasa mbili tatu, akairudisha. Nyumba namba kumi na saba imejaa, alimwambia.

Mama Vifungo alidhani karani amesoma namba nyingine. Akamwomba aangalie tena. Karani akaangalia tena, akahesabu kwa kidole: wanane, wote wa namba kumi na saba. Nyuma yake foleni ilianza kunung'unika.

"Nikamwambia, dada, nyumba ile ina vyumba sita, na mtoto wa umri huo ni mmoja tu, ndiye huyu nimemshika mkono. Akanijibu, mama, sisi hapa tunasoma karatasi."

Nukta akapangiwa shule iliyo kilomita nne kutoka nyumbani, ng'ambo ya barabara kuu ya malori.

Wiki mbili baadaye orodha ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule. Mama Vifungo alivuka barabara akiwa na futi yake shingoni, akaanza kusoma majina ya nyumba yake mwenyewe. La kwanza hakulijua. La pili hakulijua. Alipofika la tatu akasimamisha kidole. Huyo alikuwa amempima wiki iliyopita.

Alirudi barazani akafungua daftari lake la vipimo. Humo huandika kiuno, urefu, mabega, na mahali pa kupeleka nguo ikiwa tayari. Watoto wanne kati ya wale wanane walikuwamo. Mmoja aliandikiwa karibu na kiwanda cha vigae, upande wa pili wa mji. Sare yake aliipeleka mwenyewe, saa nzima kwa miguu.

"Nilikaa sakafuni," anasema. "Nimewapima mimi. Nimewageuza mbele na nyuma, nikawaambia wamependeza. Kumbe nawavalisha nafasi ya mwanangu."

Mwenye nyumba ni bibi wa miaka sabini na nne anayeishi chumba cha mbele. Ndiye aliyempokea Nukta mikononi siku aliyotoka hospitali, na mtoto hula kwake mara nyingi kuliko kwa mama yake. Barua zote za makazi za nyumba hiyo lazima zipitie mkononi mwake. Mama Vifungo alimkuta amekaa kitandani anapekua nguo, akamuuliza bila salamu. Katika miaka kumi na mitatu hakuwahi kufanya hivyo.

Bibi hakukana.

"Nilisaini, mwanangu," alimwambia. "Walikuja kwa adabu, wana watoto, wanatafuta shule. Mimi nilijua namba ya nyumba haiishi."

Habari za kikomo cha watoto wanane hakuna aliyempa. Alianza na mke wa fundi bomba anayemtengenezea mifereji. Huyo akamwambia mwenzake, mwenzake akamleta dada yake, wakafika wanane. Bibi anasema hakudai malipo kwa mtu yeyote. Mmoja alimletea sukari. Mwingine alimletea mabati mawili.

Mama Vifungo aliposikia mabati aliinua macho. Mabati hayo mawili ndiyo yaliyoziba paa la chumba chake. Masika yaliyopita alikuwa akilala na ndoo kitandani, na yalipopigwa misumari alimshukuru Bibi kwa wiki nzima.

Siku tatu hawakusemeshana. Kwenye ua wenye bomba moja na kamba moja ya kuanikia, kununiana ni kazi kubwa kuliko kazi yenyewe. Wapangaji wengine walianza kuteka maji mapema ili wasikutane nao. Nukta, ambaye hakujua hili wala lile, aliendelea kwenda kula kwa Bibi na kurudi na sahani tupu.

Siku ya nne Bibi aligonga mlango wa fundi akiwa amevaa viatu vya kutokea, mkongojo mkononi. Alisema neno moja tu, kwamba waende. Wakaenda ofisi ya elimu, wakakaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi saa tisa alasiri, na walipoitwa Bibi ndiye aliyeongea kwanza. Alimwambia ofisa elimu kwamba amesaini uongo mara nane na yuko tayari kuwajibika.

Ofisa huyo ni mwanamke wa miaka thelathini hivi, wa mwaka wa tatu kazini. Aliwasikiliza, kisha akasema asichoweza kufanya ni kumwondoa mtoto yeyote kwa maneno ya mdomoni. Mama Vifungo akamwomba jambo moja: aje mwenyewe ahesabu.

Kesho yake alikuja, na gurudumu la kupimia umbali. Alianzia getini akalisukuma hadi barazani, akaandika. Kisha akabisha hodi mlango kwa mlango. Chumba cha kwanza ni cha Bibi. Cha pili wanakaa vijana wawili waoka mikate. Cha tatu mlinzi na mkewe. Cha nne kimefungwa, mwenyewe yuko safarini. Cha tano kina mama mmoja na binti yake wa sekondari. Cha sita alimkuta Nukta chini ya meza ya kukatia, anapanga vibiringo vya uzi kwa rangi.

Ofisa alisimama katikati ya ua akaisoma karatasi yake mara mbili. Alikuja kuhesabu watoto tisa, amemkuta mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyekosa.

Kumbe hayo yalikuwa mwanzo tu. Alitoka akaenda nyumba namba tisa, iliyoandikisha watoto wanne. Ni stoo ya saruji. Akaenda namba ishirini na moja, iliyoandikisha sita. Hapo alikuta ukuta, geti lenye kutu, na ndani yake kiwanja kitupu chenye magugu na matairi mabovu. Alikwenda hivyo mtaa mzima, Mama Vifungo akimfuata nyuma na Bibi akiwasubiri barazani. Jioni ilipofika, katika watoto themanini walioko kwenye orodha, thelathini na wanne hawakuwa wanaishi mahali walipoandikiwa.

Ofisa alikaa kwenye ngazi ya baraza akaomba maji.

"Miaka mitatu nimepanga watoto kwa ramani iliyoko ukutani kwangu," aliwaambia. "Magugu nimeyapa nafasi sita za darasa la kwanza."

Orodha iliondolewa ubaoni. Mpya ilipobandikwa, siku tano kabla ya shule kufunguliwa, jina la Nukta lilikuwa la kwanza. Bibi aliitwa tena ofisini, akapewa onyo kwa maandishi, akalikunja akaliweka chini ya godoro.

Mama Vifungo anasema alitarajia siku hiyo angefurahi. Akafurahi, kama saa mbili hivi. Alasiri yake akaja mama wa yule mtoto wa karibu na kiwanda cha vigae, mama ambaye hufua mashuka hospitalini. Mkononi alikuwa na sare ya buluu, imekunjwa vizuri, haijavaliwa hata siku moja. Mama Vifungo alijiandaa kutukanwa.

Mfua mashuka hakutukana. Aliuliza kama sare inaweza kurudishwa, maana shule ya kwao inavaa kaki. Halafu akakaa kwenye kiti cha wateja na kueleza. Shule ya kwao darasa la kwanza lina watoto mia moja sitini na watatu na mwalimu mmoja. Mwanawe wa kwanza amemaliza darasa la pili pale na hawezi kusoma jina lake.

"Sikutaka kumnyang'anya mwanao," alisema. "Nilikuwa namtoa wangu."

Kesho yake Mama Vifungo alifunika cherehani mchana, jambo asilolifanya msimu wa sare, akaenda kujionea. Shule hiyo ilikuwa imefunguliwa siku chache mapema kwa uandikishaji wa mwisho, na madarasa yamejaa. Watoto walikuwa wamekaa sakafuni hadi chini kabisa ya ubao, kiasi kwamba wa mbele hawaoni kilichoandikwa. Nusu yao walikuwa wamesimama ukutani. Mwalimu alipopiga makofi, waliosimama wakakaa na waliokaa wakasimama. Wanapokezana sakafu.

"Nilitoka pale sijui nimkasirikie nani," anasema. "Tulikuwa tunagombania mlango mmoja, na hakuna aliyetuambia kwamba ule mwingine umeoza."

Msimu huu ameshona sare thelathini na nane badala ya sitini. Baadhi ya wazazi wa watoto walioondolewa wamehamishia kazi zao kwa mafundi wengine, na mmoja alimwambia usoni kwamba ameuza watoto wa wenzake. Zilirudishwa sare kumi na moja. Alizifumua pindo, akazirekebisha kwa vipimo vya watoto walioingia kwenye orodha mpya, na hela iliyopatikana akawapelekea waliozirudisha. Kaki ya mtoto wa mfua mashuka aliishona bila malipo.

Yeye na Bibi wanasemeshana. Hawajaliongea tena jambo lile, ila Bibi akiletewa karatasi ya aina yoyote siku hizi humwita fundi amsomee kwanza, hata ikiwa ni tangazo la dawa ya panya.

Nukta ana wiki ya sita darasani. Ameshajua herufi kumi na nne, na analalamika kwamba kengele ya shule ilikuwa tamu zaidi alipokuwa anaisikia akiwa nyumbani.

Jumamosi na Jumapili, Mama Vifungo na mfua mashuka hutembea pamoja upande wa kiwanda cha vigae, nyumba kwa nyumba, wakiandika watoto watakaofikisha umri wa kuanza shule mwakani. Ofisa elimu amewaambia kwamba akipata hesabu ya kweli ataweza kuipeleka juu na kuomba vyumba vitatu vya madarasa na walimu watatu. Hajawaahidi zaidi ya hapo. Mkutano wa wazazi na ofisi ya elimu ni Alhamisi ijayo, na hadi sasa wana majina mia mbili na kumi na mawili.

Mama Vifungo ana mpango wa kusimama mwenyewe kuyasoma, ingawa anakiri hajawahi kuongea mbele ya watu zaidi ya kumi. Anajua watu watauliza kama majina hayo nayo yametungwa.

"Waulize tu," anasema, akikata uzi. "Kila mtoto tumemwona kwa macho yetu, mlangoni kwao. Wengine wametutolea ulimi."