Kasuku, Mziba Nyufa za Filamu

Walimwita Kasuku, na jina halikumfaa, maana kasuku hurudia alichosikia. Yeye kwa miaka mingi alikaa kando ya televisheni katika ukumbi wa video wa mpwa wake, kipaza sauti kimevikwa soksi, akiwafasiria watazamaji filamu za kigeni. Na kila filamu aliiongezea ya kwake.

Si kwamba alipenda makuu. Alianza na filamu ya mchawi aliyezuia jua lisizame, kisha katikati ya hadithi akafungwa kamba na walevi wawili. Watu wa benchi la mbele wakaguna.

"Kwani jua ni jepesi kuliko kamba?" akauliza fundi viatu, mteja wa kila wiki.

Kasuku akaona haya kana kwamba mgeni wake amejikwaa mlangoni. Akaidaka sauti ya mchawi: "Nilimwapia mama, mkono uliozuia jua hautainuka juu ya mtu mwenye njaa." Ukumbi ukatulia. Mchawi akawa mtu.

Tangu hapo akawa mziba nyufa. Filamu nyingi za anga na za uchawi, ukiniuliza mimi, zina maradhi mamoja: kila kitu kinawezekana, basi hakuna cha kuogopa. Maiti anafufuliwa kwa kitufe; sasa tumlilie nini? Nyota nzima inalipuka, na huko hakuna hata mmoja aliyekuwa ameinjika sufuria. Mianga tele, lakini mtu hana hata shangazi. Kasuku aliwapa wahusika mashangazi. Aliwapa miiko, vidonda vya tumbo na ugomvi wa mipaka na jirani. Mkewe alizoea kumtania kwamba maneno yote huyamaliza kazini, nyumbani huleta koo tupu.

Siku moja kijana aliyeijua ile lugha ya kigeni akaingia, akasikiliza, akatoka akicheka. Habari zikamfikia mpwa.

"Mjomba, watu wanasema unatunga."

"Natunga palipotoboka, mwanangu."

"Wanakuja kwa ajili ya filamu, si kwa ajili yako. Kuna mpya inakuja. Sema kinachosemwa, basi. Ukishindwa, kiti nitampa mwingine."

Kasuku alikipenda kile kiti kuliko kitanda chake. Akakubali.

Jumamosi ukumbi ukafurika. Filamu ilikuwa ya mfalme wa sayari aliyempoteza binti yake. Akamzika, akalia, akapigana vita. Karibu na mwisho akafungua ghala, kumbe ana mashine ya kurudisha wakati nyuma. Sababu ikamjia Kasuku mdomoni, nzima, tamu: mwenye kuitumia humsahau yule anayemrudia. Akaimeza. Akasema tu, "Mashine iko tayari."

"Alikuwa nayo siku zote?" akauliza fundi viatu.

Kasuku akaendelea kuikodolea macho televisheni.

"Sasa yule mtoto alimzikia nini?"

Kicheko kikatoka nyuma. "Kasuku, umelala?" "Mwacheni, mzee kaishiwa." Mabenchi yakaanza kuwa matupu. Hakuna aliyesema filamu ni mbovu.

"Nilikwambia useme kinachosemwa," mpwa akasema baadaye, akipanga mabenchi kwa hasira. "Sikukwambia uiue."

"Ilikuja imekufa. Nyingi huja zimekufa."

"Pumzika, mjomba. Umri nao una haki yake."

Akahamishiwa mlangoni, kuchana tiketi. Kitini akaketi kijana mmoja aliyefasiri neno kwa neno, na watu wakapungua hadi mabenchi mawili. Mpwa si mjinga. Akatafuta kanda za filamu alizomrekodi mjomba wake akizifasiri zamani, akazionyesha tena. Watu wakajaa mpaka wengine wakasimama ukutani.

Nyuma ya pazia la mlango Kasuku aliisikia sauti yake mwenyewe ikimsemea roboti anayeomba asizimwe kabla hajamuaga mama wa jirani. Ndani watu wakanyamaza kama msibani.

Fundi viatu akatoka anafuta macho kwa kiganja.

"Hizi za zamani, mzee, walizitengeneza watu wenye akili. Umemsikia yule roboti?"

"Nimemsikia."

"Siku hizi hakuna kitu. Na nyinyi wafasiri mkazidi kuziharibu."

Kasuku akamsogelea mteja aliyefuata, akachana tiketi yake, akamshikia pazia apite.