Majaribio Yasiyojua Kufeli

Bibiche hana tabia ya kuamini kitu kilichokuja kirahisi. Kazi yake pale Kitshanga, mashariki mwa Kongo, ni kujaribu programu kabla hazijafika kwa wauguzi, na hii ilikuwa ya kukadiria dawa ya malaria kwa uzito wa mtoto. Zéphyrin, aliyeiandika, alitaka ipelekwe kambi ya wakimbizi mchana uleule. Majaribio yote yalikuwa yamepita, kijani tupu kwenye kioo cha kompyuta.

"Dada Bibiche, uko nangoja nini? Yote iko muzuri."

"Njo ile inaniogopesha."

Akafungua hesabu ya dozi akaiharibu makusudi: kila mtoto apewe sifuri. Akaendesha majaribio tena. Kijani tena, wakati yalipaswa kufeli! Alimtupia Zéphyrin jicho la pembeni. Jamaa huyu amenipikia majaribio, aliwaza, na wazo hilo lilimuuma, maana walizoea kula sombe, majani ya muhogo, sahani moja.

Aliiamuru mashine ioneshe kila kifurushi cha programu inakitoa wapi. Kile cha hesabu kiliitwa dozi, na jibu likaja: dozi ilikuwa inatolewa kwenye flashi.

Mtandao wa Kitshanga ni wa kubahatisha. Vifurushi hupakuliwa Goma, vikapandishwa kwa pikipiki ndani ya flashi, na kila kompyuta imeelekezwa itafute humo kwanza. Humo mlikuwa na dozi ya mwaka jana, jina lilelile, na mashine ikishaipata haihangaiki kwenda kwingine. Majaribio yalikuwa yakiisifu kazi ya zamani. Ile mpya hakuna jaribio lililoigusa.

Bibiche akairudisha hesabu kama alivyoikuta, akachomoa flashi.

"Weye hauamini muntu!" Zéphyrin alifoka.

"Leo siamini hata mashini."

Akaendesha majaribio tena; safari hii kioo kikawa chekundu. Mtoto wa chini ya kilo tano alikuwa anapewa dawa mara mbili ya kipimo.

Zéphyrin aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Alisoma mstari ule, akausoma tena, midomo ikimcheza.

"Mutoto yangu Shekinah iko na kilo ine," alisema. "Ameamka na homa. Mama yake iko naye kambini, nilimuambia angojee hii programu."

Bibiche aliona haya kwa yote aliyomwazia. Akasimama, akamwachia kiti aisahihishe hesabu.