Uwazi wa Kiganja Kimoja

Mtaani kwao Kanazawa, Japani, Fundi Kuramochi Tokuji alisifiwa kwa jambo moja: akikuzibia kitu, kimezibwa. Mitungi ya gesi, mabomba, mashine za kupoza hewa zinazonguruma chini ya madirisha, vyote alivifunika kwa mianzi iliyobanana, akaikaza kwa kamba nyeusi. Fundo alilivuta kwa meno, maana mkono wa kushoto ulishaanza kutetemeka. Ole wako umuulize habari za mkono huo.

Vuli ile aliitwa na Bi Hisano, mjane wa miaka themanini na mmoja aliyeishi peke yake. Ibada ya kumbukumbu ya mwaka wa saba ya marehemu mumewe ilikuwa imekaribia.

"Mtawa wa hekalu atapita hapa uani," alisema. "Sitaki aione hii mitungi na mita yake ya gesi, kama matumbo ya samaki."

"Utasahau hata wewe mwenyewe viko wapi, bi."

Siku ya pili ya kazi, jirani wa Bi Hisano, Bi Mineko, alimletea fundi chai. Huyu alifagia mbele ya nyumba yake kila alfajiri, akaongeza na hatua mbili za kwa Hisano. Aliitazama mianzi kwa muda.

"Fundi, huachi hata upenyo kidogo? Upepo upite, labda."

"Msoma mita nimemwekea mlango kule nyuma. Huku mbele, Bi Mineko, hata sindano haipiti."

"Kazi nzuri," akasema Mineko, akainama, akaenda zake. Pale kwao mtu hasemi waziwazi lililomkaa moyoni, anagusia tu, na Tokuji mzaliwa wa palepale alipaswa kulisikia. Lakini sifa zilishamlevya.

Januari, theluji ikiwa imejaa uani, Bi Hisano alianguka jikoni akavunjika nyonga. Alilala sakafuni tangu asubuhi hadi kesho yake mchana, ndipo Mineko alipojikaza kugonga mlango, akakosa jibu, akaita gari la wagonjwa.

Tokuji alimkuta Mineko kwenye benchi la hospitali, na hapo ndipo alipoambiwa. Kwa miaka sita, kila alipofagia, Mineko alikuwa akiitupia jicho ile mita. Namba zikizunguka, basi maji ya chai yako jikoni na Hisano ni mzima. Hakuwahi kumwambia, kwani kumwambia mzee mwenye heshima zake kwamba unamchunga ni kumvua nguo.

"Ningesema ile siku," Mineko alisema. "Nikashindwa."

"Ulisema. Mimi ndiye sikusikia."

Tangu siku hiyo Tokuji hakuweza kupita mbele ya ule ua bila moyo kumuuma.

Machi Hisano alirudi na mkongojo. Tokuji akaja na msumeno, akapiga magoti kwenye udongo wenye maji, akaeleza yote, akaomba ruhusa ya kukata uwazi mbele ya mita. Kama angekataa, msimu mwingine wa theluji ungemkuta vilevile, peke yake.

Uso wa Hisano uliwiva kwa aibu. "Miaka sita?"

"Sita, bi."

"Ananichungulia kama wali motoni." Aligeukia mlango wake hata fundi akadhani amefukuzwa. "Haya, kata. Kiganja kimoja, usizidishe. Na Mineko asijue kwamba najua. Akiuliza, mwambie mwanzi ulioza."

"Mianzi yangu haiozi, bi."

"Huu umeoza."

Alikata. Kesho yake alfajiri alirudi kufunga kamba za pembeni, akamkuta Mineko ameshika ufagio, anautazama ule uwazi.

"Kulikoni, fundi?"

Tokuji, ambaye kwa miaka arobaini hakuwahi kukubali kosa la mwanzi hata mmoja, aliinamisha kichwa. "Ulioza. Niliuchagua vibaya."

Mineko alianza kufagia hatua zake mbili. Ndani, Bi Hisano alikuwa amekaa kando ya birika tangu alipoamka. Aliposikia ufagio, akawasha jiko.