Randa ya Mafahali Wawili

Jumanne nilikuwa Kyumbi, kwa mama anayenunua vyuma vikuukuu, nikitafuta bawaba ya geti. Yangu mpya ilikatika kabla haijashika kutu. Akaingia mzee seremala kutoka Kangundo, amebeba mashine ya kuranda mbao kwa mkono mmoja.

"Mama, ile randa yangu kubwa nilikuuzia mwaka jana, bado iko?"

"Ilienda na lori, mzee. Saa hii imeshayeyushwa."

Mzee akapitisha kidole gumba ukingoni mwa meza kama anayepima ulaini wa mbao. Kisha akatueleza. Baba yake aliuza mafahali wawili kununua ile mashine ya chuma. Iliranda milango ya kanisa lao, na mwishowe mbao za jeneza la baba mwenyewe. Zilipokuja hizi ndogo, za bei ya mbuzi mmoja, akaona ile inamjazia nafasi bure. Akaiuza kwa kilo.

"Hii ni ya tatu kuharibika," akasema. "Mbuzi wa tatu."

Nikamuuliza kama ile ya zamani ilikuwa imekufa.

"Hapana. Ilikuwa inataka belti tu."

Akaiweka ile ndogo kwenye mizani. Mama akaigonga kwa ukucha, akamrudishia polepole.

"Hii ni plastiki, mzee. Hata mimi siwezi kununua."

Husemwa rahisi ni ghali, na tunaosema ndio tunaonunua. Niliondoka na bawaba kuukuu, nzito, iliyotolewa kwenye geti la mtu ambaye bado hajajua alichouza.