Mlango Uliokwenda Mkutanoni

Juma lililopita, karibu na stendi ya magari hapa Palma, niliona friji kuukuu imetupwa kwenye nyasi, mlango ungali umefungwa. Nilirudi nyumbani, nikachukua bisibisi, nikaenda kuung'oa. Muuza mihogo akaniuliza kama siku hizi nauza vyuma chakavu. Nilicheka tu. Wewe nitakueleza.

Miaka ile ya mwanzo ya uhuru, duka la ushirika kijijini kwetu lilirithi jeleira, ndivyo tulivyoiita friji, kutoka kwa mwenye duka aliyerudi Ureno. Ilitumia mafuta ya taa. Kila asubuhi muuzaji alikata utambi, akahakikisha mwali ni wa buluu, akafungua dirisha moshi utoke. Tulionjeshwa maji baridi kwa zamu, na meno yakatuuma kwa furaha. Ilipokufa, iliwekwa nyuma ya duka. Hakuna aliyethubutu kuigusa, kwa kuwa ilikuwa mali ya umma. Ikabaki vilevile, na komeo lake la chuma linalofunguliwa kwa nje tu.

Nilikuwa na miaka minane. Adhuhuri moja, tukicheza kujificha, niliingia mle nikavuta mlango. Ukabana. Nilisukuma kwa mabega, nikapiga kelele. Giza lilinuka mafuta ya taa na samaki, na pumzi ikawa nzito kama ninayetafuna pamba. Wenzangu walinitafuta, wakachoka, wakaenda kula.

Kilichoniokoa ni sinia. Bibi alitulisha wajukuu saba kwa sinia moja la wali wa nazi, na kabla ya bismillahi alihesabu mikono.

"Hii sita. Wa saba uko wapi?"

"Kajificha, bibi. Hatukumwona."

"Wapi hamkutazama?"

"Nyuma ya duka. Tumekatazwa."

Mlango ulipofunguka niliona mwanga mweupe, kisha mkono wa bibi, una chembe za wali.

Hakunipiga. Alinikalisha kivulini, akaazima bisibisi ya fundi cherehani, akaanza kulegeza bawaba. Katibu wa kijiji akaja mbio.

"Bibi, acha! Hiyo mali ya umma. Tungoje barua ya wilaya."

"Na huyu mjukuu wangu ni mali ya nani, baba?"

Katibu alinitazama nilivyolowa jasho. "Bisibisi yenyewe ndogo hiyo," akasema, akaushika mlango usimwangukie bibi.

Alasiri ile palikuwa na mkutano. Bibi, ambaye hakuwahi kusema mkutanoni, aliingia na mlango kichwani, akausimamisha mbele ya watu, akainua ngumi kama wakubwa.

"Mlango, abaixo!"

"Abaixooo!" kiwanja kizima kikaitikia, yaani 'chini', kwa neno lilelile tulilouangushia ukoloni.

Ikawa kanuni ya kijiji. "Jeleira ikifa," bibi alisema, "mlango kwanza, mazishi baadaye." Mabomba ya nyuma ya jeleira muuguzi wa kijiji alikataza kuyapasua, kwa sababu ya dawa kali iliyomo. Mlango ukawa meza ya kupasulia samaki.

Duka lile sasa ni msingi tu, na bibi yuko makaburini. Nyumbani kwangu friji inanguruma jikoni, na kila mtu hula kwa sahani yake, kwa saa yake. Lakini Ijumaa natandika mkeka, naweka sinia moja katikati, nahesabu mikono ya wajukuu. Ikitimia yote, ndipo nasema bismillahi.