Siku Picha ya Mirihi Ilipofika Malaba

Nilikuwa nasukuma chapati siku picha ya kwanza kutoka Mirihi ilipofika Malaba, na sikutaka kuiona. Mimi nilikuwa nangoja picha nyingine kabisa. Hiyo ilikuwa imekataa kuja.

Nianze na hiyo. Ndugu yangu anayenifuata kuzaliwa alikuwa dereva wa lori, kazi yake kupeleka simenti Juba. Kabla ya Krismasi waliondoka hapa Malaba, yeye na utingo wake, wakavuka Uganda vizuri, na walipoingia Sudan Kusini msafara wao ukapigwa risasi. Utingo aliruka akakimbilia porini. Alirudi baada ya wiki kadhaa, viatu vimekwisha, akaja moja kwa moja kwenye kibanda changu kuniambia. Lori liliwaka, alisema. Hakumwona ndugu yangu akitoka, na maiti pia hakuiona. Nilimsikiliza mpaka mwisho, kisha nikamwuliza kama chai yake anataka na mandazi.

Ndivyo nilivyokuwa. Watu walidhani nina roho ngumu. Ukweli ni kwamba roho ilikuwa imekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya, na mimi nilikuwa naiburuta hivyo hivyo kazini kila asubuhi. Kilichobaki hai ni hasira, na hiyo sijawahi kuikosa tangu nizaliwe.

Nyumbani Bukhayo kulikuwa na mvutano. Kwetu, mtu akipotelea mbali na mwili wake usipatikane, unakatwa mgomba, unafungwa kwa blanketi lake na kuzikwa mahali pake, watu wanalia, msiba unaisha. Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa boma tangu baba afariki, alitaka tufanye hivyo haraka. Alikuwa na sababu. Mke wa ndugu yangu alikuwa amekaa tu, si mke si mjane, hata kwenda kuwaona wazazi wake aliogopa watu watasema nini. Lakini mama alikataa katakata. Dereva mwingine wa njia ile alikuwa ameahidi kwamba akipita pale atapiga picha ya mahali, ya lori, ya chochote kilichobaki, aitume kwenye simu yangu. Mama akashikilia hapo. Alisema yeye hawezi kuzika mgomba wa mtu aliye hai, na mpaka aone picha, mtu yeyote asiguse migomba yake.

Kila Jumapili nilipanda boda mpaka nyumbani, na kabla sijaketi mama alikuwa ameshauliza kama picha imekuja. Nasema wazi, nilichoka na lile swali. Nilikuwa nampenda mama na nilikuwa nimechoka naye, yote mawili.

Malaba, hapa mpakani na Uganda, siku hizo ilikuwa foleni tupu. Malori yalijipanga mpaka huko nyuma ambako macho hayafiki, madereva wakingoja majibu ya korona, barakoa kidevuni, na kazi yao ilikuwa kunywa chai yangu na kubishana. Redio ilikuwa imesema mashine imetua Mirihi, wao wakasema Mars, na mmoja mwenye simu kubwa akaizungusha benchi zima. Walitegemea maajabu. Wakaona ardhi: vumbi, vijiwe, na kivuli cha mashine yenyewe. Haikuwa hata na rangi.

Wa kwanza akasema wametudanganya, hii ni Lodwar kule jangwani. Mwenzake akasema Lodwar kungeonekana mbuzi, hata mmoja. Wa boda akaapa kwamba vitu hivi vinatengenezwa kwa kompyuta, watu wamejifungia chumbani wanakula pesa. Mzee mmoja asiyekosa kanisa akasema Mungu alituwekea mbingu tuitazame, hakusema tukaichokonoe. Jirani yangu Mganda, anayekaanga rolex, ile chapati yao ya kuviringishwa na mayai, aliacha kikaango akaja kuchungulia. Akaniita nyabo, yaani mama kwa Kiganda, akaniambia hiyo ni murram safi ya barabara, mkandarasi ameshamwaga, sasa atapotea na pesa kama wa kwetu. Hapo walicheka mpaka chai ikamwagika. Mwingine akauliza kama mpaka wa huko nao unadai cheti cha korona.

Nilifura. Sijui hasa kilichonichoma ni nini, maana walikuwa wanacheka mawe, hawakuwa wanamcheka mtu. Niliwaambia kama wameshiba picha wawapishe wenye njaa. Wakaambiana kwamba leo mama chapati ameamka vibaya, wamwache. Yule mwenye simu, ili kunituliza, akanishikia simu yake mbele ya macho kwa sababu mikono yangu ilikuwa na unga.

Nikatazama. Ardhi kavu, mawe, kivuli. Hakuna mtu. Utingo alikuwa amenieleza pale alipomwacha ndugu yangu kwa maneno hayo hayo, ardhi kavu na mawe. Nilingoja kitu kinishike moyoni. Hakikunishika. Nikamwambia anitumie ile picha, nikaendelea kusukuma chapati.

Jumapili mama hakuniuliza kitu. Aliichukua simu mkononi mwangu, kama alivyokuwa ameanza kufanya, akatafuta picha zilizoingia wiki hiyo. Akafika kwenye ile ya Mirihi akasimama. Aliisogeza karibu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu tena.

"Lori liko wapi?" akauliza.

Nilimwambia hapo hapo. Nilimwambia hiyo si njia ya Juba, ni ile nyota nyekundu tunayoionaga juu, wenye nchi zao wamepeleka mashine. Nilidhani atanikaripia kwa kumletea upuuzi. Badala yake akauliza picha alipiga nani. Nikasema mashine yenyewe. Akauliza kama huko hakuna hata mtu mmoja wa kusaidia. Nikasema hakuna. Akauliza kama ni mbali, nikamwambia mashine iliondoka mwaka jana ndiyo imefika juzi. Na picha nayo, ilichukua muda gani kuja? Nikasema ilifika siku ile ile.

Mama akanirudishia simu. Akafuta mikono kwenye leso, ingawa haikuwa na kitu.

"Kama ya huko imefika," akasema, "ya mtoto wangu ingekuwa imeshafika. Haiko."

Nilitaka kumwambia si hivyo. Nilitaka kumwambia kwamba yule dereva huenda hajapita, kwamba penye vita mtandao hukatwa, maneno yote nilikuwa nayo mdomoni. Sikuyasema, kwa sababu nilijikuta nakubaliana naye, na nikajua kwamba mimi niliacha kungoja zamani, nilikuwa nakuja Jumapili kwa mazoea tu. Mama alimwita baba mdogo akamwambia akate mgomba.

Sasa, mgomba haukatwi ovyo. Kwetu unakatwa urefu wa mwenyewe, ili kaburini isibaki nafasi inayongoja mtu mwingine. Baba mdogo alisimama shambani na panga lake, na kumbe hakuna aliyejua ndugu yangu alikuwa na urefu gani. Mkewe alijaribu kuonyesha kwa mkono hewani, mkono ukawa unapanda na kushuka, mwishowe akauficha ndani ya leso. Suruali zililetwa, lakini suruali haina kifua wala kichwa. Ndipo mama akaniambia nikasimame kwenye mgomba. Mimi na ndugu yangu tulikuwa warefu sawasawa, na shuleni waliniita mlingoti kwa ajili hiyo. Baba mdogo akakataa. Alisema mtu hai hapimiwi kaburi, ni kumwitia kifo.

"Picha niliyobaki nayo ni huyu," mama akasema. "Mpime."

Nilivua viatu, nikaweka mgongo kwenye mgomba. Panga lilipita juu ya nywele zangu likaingia, na maji ya mgomba yakanidondokea begani. Sikuogopa. Niliwaza tu kwamba hili ndilo gauni langu la kazi, na maji ya mgomba yakishaingia kwenye nguo hayatoki.

Hayakutoka. Picha za rangi zilipokuja Malaba, na wateja wakaniita nije nione ule wekundu, nilikuwa nimelivaa na doa lake jeusi.

Tulizika jioni ile ile. Mzee wa kanisa la kule nyumbani aliomba kwa ufupi, akakwama kidogo mahali pa kusema tunauweka mwili, akapita. Mke wa ndugu yangu alilia kwa sauti, mara ya kwanza tangu Krismasi, na wanawake wakamshika. Watu wote walikuwa wanatazama sanduku lenye ule mgomba likishuka. Mama hakulitazama. Alikuwa ananitazama mimi, kuanzia kichwani, akishuka polepole mpaka miguuni. Nikanyoosha mgongo, nikasimama wima mpaka alipomaliza.